Magurudumu Ambayo Zadock Hakuyapima

Zadock Ouma alijifunzia ufundi wa magari jeshini, wakati wa vita vya Burma. Aliporudi nyumbani alifungua gereji ya mabati pale Suna. Magari yalikuwa machache siku hizo, lakini barabara za changarawe ya murram zilikuwa mbovu kiasi kwamba hakukosa kazi. Aliyoipenda zaidi ilikuwa kulinganisha magurudumu ya mbele. Hakuwa na mashine. Aliliinua gari kwa jeki, akazungusha kila tairi huku chaki ikichora mstari, kisha akachukua ufito na kupima kutoka mstari hadi mstari, kwanza upande wa mbele wa matairi, halafu upande wa nyuma. Kwa mbele pakizidi, alijua magurudumu yametanuka kama miguu ya bata.

Mdogo wake, Jared, alikuwa dereva wa pikapu ya Farah, mwenye duka la nguo mjini. Asubuhi moja ya Aprili, mwaka wa 1965, alisimama mlangoni pa gereji bila kuzima injini.

"Omera, ndugu yangu, stelingi inavuta kushoto. Nikiilegeza kidogo tu, gari linataka mtaro."

"Tangu lini?"

"Tangu nigonge jiwe kule Ndhiwa. Wiki tatu hivi."

Zadock aliinama, akapitisha kiganja kwenye tairi la kushoto. Upande wa nje meno yalikuwepo yote. Upande wa ndani palikuwa laini kama sabuni.

"Wiki tatu na umenyamaza? Ukigonga kitu namna hiyo unakuja siku hiyo hiyo! Chuma kinachoshika magurudumu kimepinda. Nipe saa moja."

"Saa moja sina. Mama yumo ndani."

Hapo ndipo Zadock alipomwona mama yao, Phelesia, ameegemea kioo, shuka limemfika kidevuni. Homa ilikuwa imemshika siku ya tatu. Jared alikuwa ameomba ruhusa kwa Farah ampeleke hospitali Homa Bay. Zadock alimgusa mama paji la uso, akaondoa mkono upesi.

"Haya, nenda. Lakini polepole. Ukirudi, gari hili halitoki hapa."

Farah ndiye aliyeleta habari, saa tisa alasiri, kwa miguu, bila kofia yake.

"Kaa chini kwanza, fundi."

"Nani, Farah? Mama?"

"Mama yuko hai. Amevunjika mkono, wamemfikisha hospitali. Ni Jared."

Tairi la kushoto lilikuwa limepasuka kwenye mteremko, baada tu ya kupita Ndhiwa. Jared alifia palepale, kabla watu waliokuwa wakilima karibu hawajamfikia.

Walimzika Jumamosi. Mabati ya gereji yalibaki yamefungwa miezi miwili, mpaka Farah alipoileta ile pikapu ikivutwa na lori.

"Nikimpa fundi mwingine, itakuwa kama nimekulaumu," alisema. "Nami sikulaumu."

Zadock alichukua chaki na ufito, akapima. Kwa mbele palizidi kwa vidole viwili. Alirudia mara tatu, vidole vikawa ni vile vile viwili. Akalala chini ya gari, na Farah alimsikia akilia huko.

Baada ya hapo hakumwachia dereva yeyote aondoke na gari lenye kasoro. Stelingi ikivuta upande, tairi likilika upande mmoja, ukigonga shimo au jiwe kubwa, gari lilibaki kwake mpaka lipimwe. Wengine walimwona msumbufu, wakaenda zao Oyugis.

Phelesia alihamia kwake. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo. Siku moja, akichambua mboga, alimwambia, "Nyathina, mwanangu, siku ile ulinitazama mimi, hukulitazama gari. Mtoto anayemtazama mama yake ana kosa gani?"

Zadock alijibu kwamba hana kosa, akainuka akaenda kumchotea maji.

Hakumwambia kwamba wiki ile ya mazishi alikwenda Homa Bay, akamuuliza daktari swali ambalo hakuna aliyemtuma aulize. Daktari alipekua karatasi, akasema ilikuwa malaria ya kawaida. Ingeweza kungoja hata mpaka kesho yake.