Laiki Mia Mbili kwa Alama Moja

Nimefundisha somo la uhusiano na umma hapa Likasi kwa miaka mingi, kiasi kwamba wanafunzi wangu wa kwanza sasa wana vitambi na vyeo. Silabasi yangu niliiandika mara moja tu, nikiwa kijana, nikaitoa fotokopi na kuwauzia mwaka baada ya mwaka mpaka herufi zikaanza kufifia. Sura ya tatu ilieleza namna ya kutuma tangazo kwa faksi. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuiona faksi, lakini wote waliikariri, na kwenye mtihani waliieleza vizuri kuliko mimi. Tuliishi kwa amani hivyo, mimi, wao na faksi.

Kisha mkuu wa idara yetu akaenda Lubumbashi kwenye semina ya siku tatu. Alirudi na mkoba wa kitambaa, kalamu mbili na imani mpya. Wengine hurudi kutoka Lubumbashi na kikohozi tu. Asubuhi ya Jumatatu alinikuta mbele ya valves, zile mbao tunazobandikia matangazo ya shule, nikibandika ratiba kwa gundi ya unga wa muhogo.

"Collègue," akasema, "bantu banaacha kusoma valves. Sasa tuko mu digital. Somo yako iko sawa musée ya bintu ya zamani."

Sikubisha. Ningependa kuandika kwamba sikubisha kwa sababu nilikuwa na hekima, lakini sikubisha kwa sababu niliogopa. Tangu mwanzo wa mwaka kulikuwa na minong'ono kwamba somo langu litapewa kijana mmoja ambaye hakuwa na shahada ya maana ila alikuwa na wafuasi mtandaoni. Mimi nilikuwa na shahada. Ukurasa wangu ulikuwa na wafuasi arobaini na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wakiuza dawa ya nguvu za kiume.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho ukafutwa, na mahali pake ikaja kazi ya vitendo. Kila mwanafunzi atafute mfanyabiashara wa hapa mjini ambaye jina lake limechafuka, alitunze jina hilo mtandaoni kwa mwezi mmoja, kisha alete picha za skrini kama ushahidi. Mkuu wa idara alichora jedwali la alama kwa mkono wake. Laiki mia mbili, alama moja, hadi ishirini, na chini ya kumi ni kushindwa. Nilimuuliza kama laiki ya mtu aliye Brazili ina uzito sawa na ya mtu wa hapa mtaani Panda anayenunua bidhaa yenyewe. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikatia sahihi.

Mwezi ule Likasi iliishi kwa kuombaomba. Hukuweza kupanda moto, yaani pikipiki, bila dereva kukuomba umpigie laiki mdogo wake. Katika kanisa la mke wangu, mchungaji alisimamisha maombi ya kufunga, akaamuru waumini wainue simu juu, wamfungulie ukurasa binti wa mzee wa kanisa aliyekuwa akisafisha jina la saluni. Waumini wakapiga laiki, wakasema amina, wakaendelea kufunga. Mwanafunzi wangu mmoja alichukua mfanyabiashara wa chokaa ya Kakontwe, ambaye wateja walimlalamikia kwamba magunia yake hayajai. Kijana hakugusa suala la magunia. Alijipaka chokaa mwili mzima, akabakiza macho na meno, akacheza dansi barabarani kwa dakika mbili. Watu walimpenda mno. Wengine walikwenda dukani kwa mzee wa chokaa kupiga picha, wakajipaka sampuli zake, wakaondoka bila kununua hata gunia moja. Kijana alipata kumi na nane. Mzee wa chokaa alinisimamisha sokoni akaniuliza kama shule yetu inafundisha au inaroga.

Sasa nimfikie yule mama.

Alikaa mstari wa mbele, mwanamke wa makamo, muuza ndakala wa soko la Kikula, aliyerudi shule baada ya kulea. Alinukia samaki kidogo, na vijana waliokaa nyuma yake walijifanya kukohoa. Yeye aligeuka siku moja akawaambia kwamba ndakala zile ndizo zimemlipia kiti, na wao waende wakaulize viti vyao vimelipwa na nani. Hakukohoa mtu tena. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na somo langu lilikuwa la lazima. Akishindwa, hapati diploma. Na nyumbani kwake kulikuwa na mapatano ambayo alinieleza mwenyewe, wazi, mapema kabisa. Meza moja ya samaki husomesha mtu mmoja. Binti yake alikuwa amemaliza sekondari na alikuwa akingoja zamu. Mama alikuwa na mwaka huu, basi. Mwaka wa kurudia haukuwapo.

Alichagua duka la mikate la mzee mmoja Mwislamu, ambaye wazazi wake walikuja kutoka upande wa Kasongo. Mzee huyo alikuwa akizama. Mtu fulani alikuwa amesambaza sauti kwenye makundi ya simu, akisema kwamba duka lile linakanda unga kwa maji ya kijito ambamo wachimbaji wa Kamatanda huoshea mawe yao ya madini. Hapa kwetu jambo kama hilo halihitaji ushahidi. Kila mtu ameona maji ya rangi isiyo ya maji. Ndani ya wiki moja wanawake wanaouza mikate barabarani, wale wenye mabeseni, waliacha kwenda kwake. Hata sisi nyumbani tuliacha. Mimi, mwalimu wa somo lenyewe, niliisikiliza ile sauti mara moja, nikaituma kwa watu kumi na moja.

Aliyoyafanya yule mama niliyajua kwa kusoma ripoti yake. Hakufungua ukurasa. Aliwatafuta wenye mabeseni mmoja mmoja, majumbani kwao, wanawake ishirini na kitu, akawaomba waje dukani asubuhi, tanuri likiwa bado moto. Alimwambia mzee afungue milango yote, awaonyeshe kisima, tangi, stoo, mpaka choo. Kisha chai ikapikwa kwa maji ya kisima kile kile, na mikate ikakatwa. Hakuna aliyegusa.

Yeyote aliyelelewa kwetu anajua kwa nini. Mtu akikupa kitu cha kunywa au kula na kuna neno baina yenu, yeye ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho yako. Huo ndio utaratibu wa kuondoa sumu, hata pasipo na sumu. Mzee alikuwa ameusahau kwa hasira. Aliona kama anadhalilishwa nyumbani kwake. Mama wa ndakala akamvuta pembeni.

"Papa," akamwambia, "hii hayiko aibu. Onja weye, na bibi yako aonje, na batoto baonje. Baone."

Mzee akala. Mke wake akala. Watoto wake wanne, mpaka mdogo wa mwisho, wakanywa chai ile wakimwaga. Ndipo wanawake wakanyoosha mikono. Mmoja wao alitoa simu ili achukue picha, na mama akaishusha simu ile kwa kiganja. Maneno yake aliyaandika kwenye ripoti kama alivyoyasema, nami nimeyashika: "Ukipiga picha, kesho batasema tulilipwa. Weye kula tu. Kisha uende useme na kinywa chako."

Walisema. Katika wiki mbili mikate ilirudi barabarani. Mke wangu aliileta nyumbani siku moja bila maelezo, nikamuuliza je, yale maji ya Kamatanda? Akanijibu kwamba ule ulikuwa uongo, kila mtu anajua. Nikapaka siagi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba wahenga walikosea, kwamba kizuri nacho kinahitaji mtu wa kukisemea. Mama wa ndakala ndiye mwanafunzi wa kwanza aliyenisikiliza. Ripoti yake ilikuwa kurasa nne kwa mkono, kalamu ya bluu. Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa. Haikuwa na picha ya skrini hata moja.

Siku ya kikao cha kupitisha matokeo, nilijaribu. Nataka ijulikane kwamba nilijaribu, ingawa kujaribu kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Nilisema kuna mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake haisomeki kwenye jedwali.

Mkuu wa idara akashusha miwani. "Iko na laiki ngapi?"

"Hana. Lakini alilirudishia duka wateja wake. Mimi mwenyewe ninakula mkate ule."

"Collègue, weye hauko jury, weye uko client," akasema, na meza nzima ikacheka. "Preuve, ushahidi, iko wapi? Muntu anaweza kuandika kurasa ine juu ya kintu chochote. Na yule kijana wetu mupya, yeye anasema hata somo yote inaweza kupimwa online."

Alilitaja neno "kijana wetu mpya" taratibu, akinitazama. Nilimwelewa. Niliona saa zangu za kufundisha, niliona kiti changu, nikaona kijana wa wafuasi amekikalia. Tukampa saba kati ya ishirini kwa, naomba msamaha kwa lugha hii lakini ndivyo ilivyoandikwa, "jitihada zisizo za kidijitali". Sahihi ya kwanza chini ya karatasi ile ni yangu. Nilifanya hivyo kwa woga, na nilikuwa nimeshiba mkate wake.

Matokeo hayakubandikwa kwenye valves. Yaliwekwa kwenye ukurasa wa shule, yakapata laiki nyingi. Binti yake ndiye aliyeyaona kwanza, akamsomea mama yake sokoni, mbele ya wateja.

Alikuja ofisini kesho yake mchana. Alikuwa amevaa kitenge kizuri na hakunukia kitu. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

"Prof, sikukuya kulilia cote," akasema, akimaanisha alama. "Niko na swali moja tu. Weye ulianza tena kula mukate ya ule papa?"

"Nilianza, maman."

"Nani alikuambia iko muzuri?"

"Mama wa watoto."

"Na yeye, nani alimuambia?"

Nilijua jibu. Mke wangu hununua mikate kwa mwanamke mwenye beseni anayekaa nyuma ya kanisa lao, na jina la mwanamke huyo lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa ripoti. Nilipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika.

"Hiyo hayina cote?" akauliza. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kuelewa somo, na nadhani kweli alitaka kuelewa.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kuwa mwalimu. Badala yake nikavaa uso wa ofisi, uso ule ule ninaowafundisha wawavalie waandishi wa habari, nikamwambia kwamba nimesikitika sana, kwamba kazi yake ilikuwa nzuri, lakini matokeo yameshawekwa mtandaoni na hayawezi kubadilishwa tena.

"Bon," akasema. "Basi mwaka wenye kukuya ni ya binti. Minye nitabakia ku meza." Akanishukuru kwa kumfundisha. Alinishukuru kwa moyo, bila kejeli, na hilo ndilo ninalolichukia zaidi katika habari hii yote. Akatoka, akafunga mlango polepole ili usigonge.

Matokeo yangeweza kubadilishwa. Muda wa malalamiko ulikuwa na siku tatu mbele yake, fomu zilikuwa kwenye droo niliyoiegemezea goti, na sahihi iliyohitajika ilikuwa moja tu, ya mwalimu wa somo.