Rangi ya anga ilikuwa inachezacheza kwenye timelapse zangu, nikamsingizia fundi wa Ipogolo

Wakuu, habari za jioni. Leo nasema kweli tupu, na haitanipendezesha.

Nilipowaambia kwamba napiga picha za nyota kwenye baridi la Mbeya bila moto wowote, niliwadanganya. Nina jiko. Nimekuwa nalo siku zote. Nimelikana miaka miwili, mara ya mwisho humu humu, mkuu mmoja aliponiuliza waziwazi.

Kwa wasionijua: naishi Ilomba, naandika makala, na hobby yangu ni timelapse. Unaweka kamera kwenye tripod, inapiga picha moja baada ya nyingine usiku kucha, kisha unaziunganisha zinakuwa video ya dakika moja, nyota zinatembea. Napigia kwenye shamba la viazi la kaka yangu, juu ya mji, ambako hakuna taa.

Mwaka juzi niliiangusha kamera. Nikaipeleka Iringa kwa fundi mmoja wa Ipogolo, anaitwa Kihwele. Akaitengeneza. Iliporudi, Juni ilikuwa imeshaingia, nikapanda nayo shambani.

Video ikatoka na ugonjwa. Anga la kawaida, linageuka bluu, linarudi, linageuka tena. Kama mtu anachezea swichi.

Nikaleta uzi hapa. Mkaniambia white balance iko auto, yaani kamera inajichagulia rangi upya kwa kila picha, niifunge kwenye namba moja. Nilichukia, maana ilikuwa kweli. Nikaifunga.

Bluu ikaisha. Ikaja rangi ya chungwa.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikaandika humu, kwa jina, kwamba Kihwele ameniharibia sensor, kile kioo cha ndani kinachopokea picha.

Nikamrudishia kamera kwa basi mara tatu. Mara zote alinipigia na jibu lile lile: "Mama, nimeiweka juu ya paa huku mpaka asubuhi, anga limetulia. Kamera yako nzima." Kadiri alivyokuwa mpole ndivyo nilivyozidi kuamini ana hatia. Mkuu mmoja wa Njombe akasema ameghairi kumpelekea lenzi zake. Wengine wawili wakaunga mkono. Nikajiona mtetezi wa wanyonge.

Sasa jiko.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye huliwasha. Mwezi wa sita kule juu umande unaganda kwenye majani, na lenzi inashika ukungu. Kwa hiyo jiko la mkaa linakaa miguuni pangu, kamera ubavuni, nayo iote. Ningewaandikiaje hilo watu niliokwisha kuwahadithia habari za koti langu moja na ushujaa wangu? Nilipoorodhesha setup, yaani vifaa vyangu vyote, niliandika hadi aina ya betri. Jiko halikuwemo.

Wiki iliyopita mkaa uliisha mapema. Wifi akatoka na shuka begani.

"Wifi, ingia ndani, mkaa umekwisha."

"Namalizia kidogo."

"Utamalizia ukiwa mkavu kama kambale. Hizo nyota jana zilikuwepo na kesho zipo."

Nikaingia. Kamera nikaiacha iendelee.

Asubuhi nikazipitia picha. Chungwa, kawaida, chungwa, kawaida, kisha ghafla anga limetulia mpaka alfajiri. Nikaangalia saa kwenye picha ya kwanza iliyotulia. Ni muda ule ule niliokuwa nabishana na wifi.

Usiku uliofuata nikafanya jaribio. Picha kumi jiko likiwa wazi, kumi likiwa limefunikwa na debe. Wifi ndiye aliyeshika debe.

"Funika. Haya, funua. Funika tena."

"Wifi, na hii ndiyo mliyokuwa mnasoma chuo kikuu?"

Jiko wazi, chungwa. Upepo ukipuliza makaa, chungwa kali. Debe juu, anga safi.

Kila picha yangu inachukua sekunde ishirini. Kwa muda huo hata kamwanga ka makaa, kakipiga kioo cha lenzi kwa pembeni, kanatosha kuipaka rangi picha nzima. Na ile bluu ya mwanzo? Ni kamera yenyewe, ikiwa auto, ilikuwa inajitahidi kulipunguza hilo chungwa na kupitiliza. Nilipoelewa hapo nilicheka peke yangu kwa raha.

Kisha nikamkumbuka Kihwele.

Nilichojifunza: funga white balance, ziba kila mwanga ulio karibu na lenzi, na ukiorodhesha setup yako weka hadi kile unachokionea aibu. Mwenye njia ya kuzuia umande bila moto aniandikie hapo chini. Mwenye kunisuta naye asisubiri zamu.

Jana nilimpigia Kihwele. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakanikimbia yote, nikamweleza habari ya jiko tu. Nikawa nasikia malori yakipita barabarani kwake.

"Kumbe jiko, mama."

"Jiko, fundi. Nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe. Ila wateja wangu hawapo kwenye hii simu."

"Sasa nifanyeje?"

"Andika kule kule ulikonisema. Na jina langu uliweke, kama ulivyoliweka mwanzo."