Jua Nililolisahau Ipuli

Nilirudi Tabora na stashahada ya uhandisi niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe, na sikumwacha mtu asijue. Mama alipolalamikia joto la chumbani, nilifungua kompyuta, nikachora picha ya nyumba yetu ya Ipuli kwenye programu ya kukadiria mwendo wa upepo. Jibu likatoka: miarobaini miwili ya upande wa magharibi inauzuia upepo usiupoze ukuta.

"Aliipanda marehemu baba yako," Mama alisema.

"Mama, hii ni sayansi."

Nikaikata. Wiki iliyofuata niliwaita majirani alasiri waje waushike ukuta uliopoa. Mzee Salum, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliweka kiganja akakiondoa mbio.

"Injinia, huu ni ukuta au bani la kukaushia tumbaku?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikafungua kompyuta kuwaonyesha kwamba hesabu zangu ni sahihi. Mama akainama kuitazama ile picha.

"Mwanangu, humu jua linapita upande gani?"

Nikatafuta sehemu ya jua. Ilikuwa tupu. Nilikuwa nimepima upepo peke yake.

Mama alibeba kigoda chake, akavuka barabara kwenda kukaa kwenye kivuli cha duka la Mzee Salum.