Waya kwa Ajili ya Kidole Gumba Kimoja

Kama rimoti yako iko karibu, ichukue uishike mkononi huku ukinisikiliza. Igeuze, fungua mlango wa betri, au toa ile rababendi uliyoifunga baada ya mlango kupotea, maana hapo wote tunajuana. Chungulia ndani. Kwenye rimoti nyingi hutaona zaidi ya springi na kutu kidogo. Lakini ziko rimoti, zile zilizotengenezwa kuendesha vyombo vya kila aina, ambazo humo ndani zina vijiti sita vidogo vya chuma, vitatu juu na vitatu chini, vimejificha kama meno ya mtoto yanayoanza kuota. Nilikuwa nimeshatengeneza redio na televisheni za watu kwa miaka mingi, na nilikuwa nimeviona vijiti hivyo mara kadhaa bila kujiuliza ni vya nini. Aliyenifanya nijiulize ni mama mmoja muuza vitumbua.

Meza yangu ya kazi iko kwenye baraza moja pale Kambarage, Shinyanga mjini, na baraza hiyo naichangia na fundi cherehani. Mama huyo alikuja asubuhi, amejifunga kanga mbili, mkononi amebeba kitu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi yupo?"

Fundi cherehani akasimamisha mguu wake kwenye pedeli. "Mama, huyo uliyemwita mwanangu ndiye fundi mwenyewe."

Akaniangalia kuanzia kilemba hadi kandambili. "Basi afadhali. Mafundi wanaume wananiambia njoo kesho mpaka mtama unavunwa."

"Mimi simo," akasema fundi cherehani.

"Wewe ndiye wa kwanza. Gauni langu la Pasaka liko wapi?"

Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na rimoti kubwa, pana kama kiganja cha mtu mzima, na vitufe vyake vilikuwa vikubwa kama biskuti. Akanieleza taratibu. Mume wake alikuwa dereva wa malori makubwa mgodini, kule Bugarama, kwa miaka mingi. Rimoti ile aliachiwa na mgeni mmoja aliyefanya naye kazi, siku mgeni huyo alipokuwa anarudi kwao. Haikuwahi kuiendesha televisheni yao, ila kwa kuwa ilikuwa zawadi, waliihifadhi kabatini ndani ya nailoni yake. Kisha kiharusi kikampata mume wake. Upande wote wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito. Wakahamia Shinyanga mjini ili wawe karibu na hospitali.

"Anaogeshwa," akasema, "analishwa, anageuzwa. Hata akitaka kuona nje, mpaka mtu amvutie pazia. Na juzi alilia, fundi. Sikuwahi kumwona akilia. Alililia televisheni. Rimoti yake ya zamani ina vitufe kama punje za ulezi, kidole gumba cha kushoto kinabonyeza vitatu kwa mpigo. Namwashia mimi asubuhi, apate wenzake wakati niko nje nakaanga, na namzimia mimi. Nikimwuliza unataka chaneli gani, anatikisa kichwa. Nimeelewa kwamba anachotaka ni kushika mwenyewe. Nipatie kitu kimoja tu akiamue mwenyewe."

Nikamwambia aniachie rimoti. Sikumwahidi kitu.

Ngoja nikueleze ugumu ulikuwa wapi, na usiogope, ni jambo rahisi. Kila televisheni ina lugha yake ya mwanga. Rimoti huwasha na kuzima taa ndogo iliyo mbele yake, upesi sana, na televisheni huhesabu. Rimoti za kila aina hutoka kiwandani zimefundishwa lugha nyingi, ila televisheni ya mama huyu ilikuwa ya jina ambalo rimoti haikuwahi kulisikia. Nilijaribu namba zote zilizokuwa kwenye orodha, moja baada ya nyingine, kwenye televisheni ya jina hilohilo niliyoiazima kwa siku mbili nzima. Haikuitikia hata moja.

Ndipo nikatafuta kwenye mtandao kuhusu vile vijiti sita. Kumbe kuna watu, wapo nchi mbalimbali, hawana faida yoyote wanayoipata, wanaoandika na kugawana njia ya kuifundisha rimoti lugha mpya kwa kutumia kompyuta. Vijiti vile ndivyo mlango. Kinachohitajika ni waya wenye USB upande mmoja na matundu sita upande wa pili. Waya huo huku kwetu hauuzwi dukani, kwa hiyo ukiutaka lazima uutengeneze.

Nilianza kwa kosa. Nilikata waya wa chaja ya simu, nikamenya ganda, nikakuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Waya wa namna hiyo unapeleka umeme, basi. Hauwezi kupeleka maneno. Nikauweka kando, nikakumbuka kwamba chini ya meza nilikuwa na boksi la nyaya za kuflashia simu, yaani kuzipakia programu upya, zile za enzi za simu za batani. Ndani ya kichwa cha waya wa namna ile kuna bodi ndogo yenye uwezo wa kuzungumza na kompyuta. Nikapima kwa mita kuhakikisha inatoa volti tatu na si tano, kwa sababu tano zingeichoma rimoti. Matundu sita nikayatoa kwenye kompyuta iliyokufa: nilikata kipande cha kichwa cha waya wake mpana, nikakisugua kwa tupa mpaka kikaingia pale penye betri.

"Leo unashona nyaya?" akauliza fundi cherehani.

"Nashona. Nipe wembe wako."

"Ukikata chuma kwa wembe wangu, utanishonea wewe suruali za wateja."

Akanipa, pamoja na kile kifaa chake cha kufumulia mshono, ambacho kilimenya nyaya vizuri kuliko meno yangu.

Nyaya nilizohitaji zilikuwa nne. Mmoja ni ardhi. Wa pili ni wa kuiamsha rimoti. Mbili zilizobaki ndizo zinazowashinda wengi, nami zilinishinda nusu siku. Kompyuta ina waya wa kusema na waya wa kusikia, na rimoti nayo vivyo hivyo. Mimi niliunganisha wa kusema na wa kusema, wa kusikia na wa kusikia, kwa sababu majina yalifanana. Fikiria watu wawili wamegusanisha midomo, wanasema kwa pamoja, na masikio yao nayo yamegusanishwa. Nani atamsikia mwenzake? Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule. Nilipozigeuza zile nyaya mbili na kuzishikisha kwa risasi ya kulehemu na pasi ya kuchomelea, kompyuta ikaandika kwamba imeiona rimoti. Nilipiga vigelegele. Fundi cherehani akajichoma sindano, akasema mimi ndiye nitakayekuja kumuua.

Siku iliyofuata nilibeba kompyuta na waya wangu, nikaenda nyumbani kwao. Mama alikuwa barazani na karai lake la vitumbua, watu wamemzunguka. Akaniambia niingie tu. Mzee alikuwa amelala ubavu, mito miwili mgongoni, televisheni inapiga kelele: muziki, matangazo, tena muziki. Nikamwamkia. Akaitikia kwa macho, kisha kwa mdomo, na neno lake likachukua muda kufika.

Nikaikalisha kompyuta kwenye kigoda, nikachomeka waya. Nikaifundisha rimoti lugha ya familia ya kwanza ya televisheni niliyoipata kwenye mtandao, nikajaribu, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano, televisheni ikazimika. Nikaiwasha tena. Mzee alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto.

"Sasa baba," nikasema, "kila kitufe kitafanya unachotaka wewe. Hiki kikubwa cha katikati, ambacho kidole chako kinakifikia bila taabu, tukipe kazi gani? Kuwasha na kuzima?"

Akatikisa kichwa.

"Chaneli ya taarifa ya habari? Mpira?"

Akatikisa tena. Akaanza kuinua mkono wa kushoto, polepole, akagusa sikio lake. Kisha akaelekeza kidole mlangoni. Nikageuka kuangalia, sikuona mtu. Akarudia: sikio, mlango. Nikatega sikio upande huo, nikagundua kwamba nje mama bila shaka alikuwa anasema na wateja wake, ila mle chumbani hakukusikika neno hata moja. Televisheni ilikuwa imemfunika.

"Unataka kuinyamazisha?"

Akafumba macho. "Sauti yake," akasema. Maneno mawili hayo yalichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha maji.

Nikakipa kitufe kikubwa cha katikati kazi ya kunyamazisha. Nikatoa waya, nikamwekea rimoti chini ya kiganja. Kidole gumba kikashuka. Chumba kikatulia, na sauti ya mama ikaingia kutoka barazani kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni siku zote akisubiri kukaribishwa.

"Ondoa huo mkono, wewe! Umetoka kushika ng'ombe sasa hivi, unataka kunichagulia vitumbua? Nitakuchagulia mimi. Na uniambie, yule mke wako ameshajifungua?"

Mzee akacheka kwa nusu ya mdomo, mabega yakitikisika. Mama alipoingia kuuliza imekuwaje, akakuta mume wake ameshika rimoti mwenyewe, akanishika mikono miwili. "Wabeja," akasema kwa Kisukuma, "asante sana, mwanangu." Sikumwambia kitufe kile ni cha nini. Niliona hilo ni la mzee kusema.

Siku tatu baadaye akaja barazani na ule mfuko wa nailoni. Uso ulikuwa umeanguka. "Fundi, imekufa."

Nikadhani waya wangu umeiunguza. Nikaichomeka, kompyuta ikaiona. Nikaijaza upya yote. Mama akaondoka nayo. Kesho yake akarudi. "Imekufa tena. Hapa kwako nzima, kwangu maiti. Labda nyumba yangu ina kitu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Amerudi kutazama ukutani, fundi. Ni heri angekuwa hajaonja."

Nikafunga meza, nikabeba kompyuta na waya wangu, nikafuatana naye.

Na nilipoingia nikaiona sababu, mara tu alipoitoa ile rimoti kwenye nailoni na kuivisha. Unajua kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa. Mama alikuwa ameifumia rimoti vazi la kroshia, jeupe lenye ukingo wa buluu, na kila kitufe amekiachia dirisha lake lililozungushiwa uzi. Ndani aliweka bitana ya kitenge ili lisipwaye. Alikuwa amelifuma akiwa amekaa pembeni ya kitanda, mume wake akitazama sindano ikicheza. Kila alipokuja kwangu alilivua, lisichafuke kwa mikono ya fundi. Na upande wa mbele, pale mwanga unapotokea, alikuwa ameufunga kabisa, mshono umekazwa mara mbili, pavutie macho.

Nilitoa simu yangu, nikawasha kamera, nikamwita asimame karibu nami. "Tazama hapa mama." Nikabonyeza kitufe rimoti ikiwa imevaa. Kwenye kioo cha simu hapakuwa na kitu. Nikalivua lile vazi, nikabonyeza tena. Nukta ya mwanga wa zambarau ikapepesa.

Akaziba mdomo kwa kanga. "Kumbe nimeifunga macho!" Akamgeukia mume wake. "Baba, nimekufunga mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu."

Mzee akanyoosha mkono. Nilidhani anataka rimoti. Akagusa lile vazi, akashika ukingo wa buluu, hakutaka kuliachia. "Ilivae," akasema.

Basi mama akachukua sindano yake ya kufumia, akafumua mshono wa mbele hatua kwa hatua, akakata bitana kwa mkasi, akazungushia uzi wa buluu mpaka pakawa na dirisha moja zaidi, la duara, zuri kuliko yote. Wakati wote huo televisheni ilikuwa inapiga kelele naye akipaza sauti ili kuishinda, akijilaumu, akieleza jinsi alivyohesabu vitundu, jinsi fundi cherehani alivyompa kile kipande cha kitenge bila kuuliza ni cha nini.

Alipomaliza akamwekea mzee mkononi. Kidole gumba kikashuka, na mama akajikuta anapaza sauti peke yake katika chumba kimya. Akaacha katikati ya sentensi.

"Mbona umeinyamazisha? Hutaki kutazama?"

"Sema," mzee akasema.

"Niseme nini?"

"Yote."

Mama akaniangalia. Mimi nikajifanya nakunja waya wangu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka sindano mapajani, akaanza tangu asubuhi: nani alikuja wa kwanza, nani alinunua vitumbua vingapi, nani alisema nini kuhusu mvua. Nikatoka bila kuaga, na nikiwa njiani bado niliisikia sauti yake hadi kwenye kona.

Waya ule ninao hadi leo, umening'inia kwenye msumari juu ya meza. Ila huhitaji waya kuanza. Chukua ile rimoti uliyoishika tangu mwanzo. Washa kamera ya simu yako, elekeza ncha ya mbele ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote na utazame kioo. Kamera ya nyuma isipoonyesha kitu, jaribu ya mbele. Ukiona nukta ya mwanga, rimoti yako ni nzima. Usipoiona, badili betri na uifute ile ncha. Na kama imevaa nguo, ivue kwanza.