Kikombe cha Punje za Marta

Saa mbili asubuhi. Restuta Silwimba anaegemeza baiskeli ukutani, anabisha hodi, na kabla ya salamu anaomba kikombe. Marta Namwinga, anayeugua saratani ya shingo ya kizazi, anakivuta kutoka chini ya kitanda. Restuta anamimina punje za mahindi kiganjani na kuzihesabu. Zipo tisa.

"Mara tisa umeamka kwa maumivu, mama," anasema. "Na karatasi yao inasema unalala vizuri."

Restuta, 46, anajitolea kuwahudumia wagonjwa majumbani katika kata ya Msangano, wilayani Momba. Ana wagonjwa saba, na kwa wiki anaendesha baiskeli kilomita zipatazo sitini. Mapema mwaka huu wa 2014 kituo cha afya kilimkabidhi fomu ya kupima usingizi wa wagonjwa wa saratani. Swali la kwanza: "Umelalaje?"

Aliyeitunga, anasema Restuta kwa uchungu, hajawahi kumwamkia mtu wa huku. Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi, na jibu lake ni moja tu. Hata aliyefiwa huitikia "salama" kwanza, ndipo aeleze msiba. Wiki tatu Marta aliitikia salama, Restuta akaandika salama. Mganga wa kituo akasoma, akampunguzia Marta dawa ya maumivu.

"Mgeni hujampa hata kigoda, uanze kumlilia?" anasema Marta kwa sauti ya chini.

Aliyefichua ukweli ni Lusungu, mke wa mwanawe. Alimweleza Restuta kisimani kwamba mama hukesha ameketi, akiuma upindo wa kanga ili asiwaamshe watoto. Restuta si mwepesi wa machozi, lakini siku hiyo alilia.

"Mkono ulioandika ni wangu, hilo silikwepi," anasema. "Ila nilipowaambia kituoni swali ni bovu, wakanijibu fomu haibadilishwi, imeshachapwa. Karatasi imechapwa, basi mtu ateseke?"

Ndipo akabuni kikombe. Kila Marta anapoamshwa na maumivu, hutumbukiza punje moja. Leo ni siku ya saba, na punje zote ni hamsini na nane. Restuta anazifunga kwenye kitambaa.

Kesho atazipeleka kituoni. Anataka dawa ya Marta irudishwe kama ilivyokuwa, kisha swali lile lifutwe.

"Nitazimwaga mezani kwa mganga," anasema, akipanda baiskeli. "Na simsalimii mpaka azihesabu zote."