Mtu Asiguse Simu

Mwaka wa tisini na nane, baada ya mafuriko, ofisi yetu ya chanjo ya mifugo pale Galbet ilikuwa na kompyuta moja, simu moja na Eedo Arbia. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na wote tulimwita hivyo ingawa hakuwa na undugu na yeyote kati yetu. Alipika chai, alifagia, na simu ikilia aliipokea yeye. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Kwake, kuacha simu ilie ni sawa na kumwona mgeni mlangoni ukaendelea kula.

Tena alikuwa na sababu. Mwanawe Siyad alikwenda Lafey na ng'ombe wa tajiri mmoja kabla ya mvua, na tangu hapo kimya. Lafey hakukuwa na simu. Mtu wa huko akitaka kupiga alipanda lori mpaka Mandera, akapanga foleni posta, akaomba Mungu laini iwe nzima. Namba pekee aliyoijua Siyad ilikuwa ya ofisi yetu.

Kisha kompyuta ikagoma, na ripoti zetu zikiwa ndani yake. Bila ripoti, hakuna dawa za chanjo. Mbuthia, fundi wa makao makuu Nairobi, akasema hana haja ya kuja. Angeingia kwenye mashine yetu kwa njia ya simu, akae kitini kwake na kusogeza mshale kama vile yuko Galbet. Mimi karani nilitakiwa tu kufungua programu aliyotutumia, kuweka nywila, kuruhusu mtu wa nje aingie, na kuwasha modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu.

"Simu ikilia, kompyuta itapokea yenyewe," alisema. "Mtu asiguse."

Mtu asiguse. Nikajua huyu bwana hajawahi kufika kwetu.

Mara ya kwanza simu haikumaliza hata mlio mmoja. Arbia aliacha birika akaidaka. "Assalamu alaykum," akasema, na Nairobi ikamjibu kwa mlio wa kukwaruza masikio. Hakukata. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, akingoja kwa heshima baada ya kila swali.

"Huyu mtu iko mgonjwa," akaniambia. "Kifua yake nalia."

"Ni mashine, Eedo."

"Mashine nabiga simu kutafuta nani?"

Mara ya pili aliidaka tena, na Mbuthia akanifokea kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Kwani sisi tuna nini na simu, akauliza. Nilitamani kumrudishia modemu yake kichwani.

Mara ya tatu nilimkalisha Arbia kando yangu. "Tafadhali, Eedo. Usiguse."

"Na kama ni Siyad?"

"Ni Mbuthia. Amesema anapiga sasa hivi."

Simu ikalia. Arbia alikalia mikono yake. Kompyuta ikapokea, ikapiga yale makelele yake, ikanyamaza. Nikangoja mshale usogee. Wapi. Nikapiga Nairobi kulalamika.

"Nilikuwa nakula," akasema Mbuthia. "Sijapiga bado."

Nikarudisha mkono wa simu mahali pake. Arbia alikuwa ananitazama, na sikuhitaji kumweleza kitu. Nilikasirika hadi nikakosa wa kumkasirikia. Nikaifunga ile ruhusa, nikachomoa waya wa modemu, nikamsogezea simu mbele yake. Nairobi ingengoja.

Adhuhuri akaswali palepale, kando ya meza. Chai hakuna aliyeiulizia. Ilipolia tena, hakuidaka kama kawaida yake. Alinitazama kwanza, akiomba ruhusa, na hilo liliniuma kuliko matusi yote ya Mbuthia.

"Pokea, Eedo."

Alitoa salamu, na safari hii mtu akaitikia. Hakuuliza mvua wala watoto. Sauti ya kijana ilisikika mpaka kwangu, akilalamika kwamba amepanga foleni mara mbili, na mara ya kwanza akapigiwa makelele. Arbia alifuta macho kwa ncha ya shali.

"Nilikuwa hapa hapa, mwanangu," akamwambia kwa Kisomali. "Walinikataza."