Skii Mpya za Mama wa Posta

Majira ya baridi niliyofanya kazi ya uuguzi visiwani, nje ya Stockholm, niliogopa karibu kila siku. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba nilikuwa navuka bahari iliyoganda juu ya skuta ya theluji, wananiona jasiri. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nesi kutoka Tabora, nimekuja Uswidi kwa masomo nikabaki kwa kazi, na maji niliyoyazoea tangu utoto yalikuwa ya kisima na ya bwawa ambalo kiangazi ng'ombe walilivuka bila kulowa matumbo.

Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wazee wa visiwani ambao hawakuweza kufika hospitali: kufunga vidonda, kupima presha, kuchoma sindano za sukari. Kiangazi nilipelekwa kwa boti. Bahari ilipoganda boti ikafungwa, nikaambiwa nitakuwa napanda skuta ya theluji ya mama mmoja aliyepeleka barua visiwani.

Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mpana wa mabega, na uso uliobabuliwa na upepo. Waswidi huitana majina tu, mkubwa kwa mdogo, lakini mimi sikuweza kumwita mtu wa umri ule jina lake tupu. Nikamwita mama, kwa Kiswahili. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kitu kinachomfaa. Yeye aliniita syster, yaani dada, kama walivyoitwa manesi wote.

Kwa asiyeijua, skuta ya theluji ni kama pikipiki isiyo na magurudumu. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaoisukuma, na mbele ina skii mbili za chuma, ndefu, zilizopinda ncha kwenda juu. Ukizungusha usukani skii zinageuka, na skuta inazifuata. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Skuta ya mama ilizifuata ilipopenda.

Siku niliyoligundua hilo upepo ulikuwa umepeperusha theluji yote, barafu imebaki uchi, nyeusi, inang'aa. Njia yetu iliwekewa matawi ya misonobari yaliyosimikwa kwenye barafu, na mahali fulani ilipinda kushoto kuikwepa njia ya meli, ambako meli ya kuvunja barafu ilipita kila mara ili maji yasigande. Mama alizungusha usukani. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma, nikichungulia juu ya bega lake, na niliona kwa macho yangu skii zote mbili zimeelekea kushoto, na sisi tunakwenda mbele. Matawi yakatupita upande wa kushoto, moja, jingine, jingine. Mbele kulikuwa na maji meusi yenye mapande ya barafu yakipanda na kushuka taratibu, kama kitu kinachopumua.

Mama alizima injini, akaning'iniza mwili wake wote upande wa kushoto. Skuta ikapinda kidogo, ikakwaruza, ikasimama. Tulikuwa karibu na maji kiasi cha kuyasikia.

Nilishuka, nikakaa chini papo hapo juu ya barafu. 

"Inafanya hivyo barafu ikiwa kavu," alisema mama.

"Imeshafanya mara ngapi?"

"Ni kuinama tu, syster. Ukiinama na mimi, itageuka."

Hakuwa anatania wala hakuwa amebabaika. Alivua glavu, akajipangusa pua, akasubiri niinuke. Utulivu wake ulinitisha kuliko yale maji.

Wakati huo nilikuwa nakaa Hallonbergen, pembezoni mwa Stockholm, njia ya treni ya buluu ya kwenda huko ikiwa bado mpya, nikichangia nyumba na dada mmoja wa Kiganda aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Alikuwa Mwislamu wa Kampala, ameukimbia utawala wa kijeshi wa kwao na sanduku moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimechanganyika na Kiingereza pale alipokosa neno. Nilipomsimulia, alikunja mkeka wake wa kuswalia polepole, ndipo akajibu.

"Huyu mama haogopi kabisa?"

"Haogopi kitu."

"Basi usipande tena. Mimi nilitoroka nchi yangu kwa sababu ya mtu asiyeogopa kitu."

Safari iliyofuata nilimwambia mama kwamba sitapanda. Tulikuwa kwenye banda lake la boti, kwenye gati ambapo basi la mjini lilikomea. Aliuliza ni nani atakayekwenda kumchoma sindano mzee wa kisiwa cha mwisho. Nilisema sijui. Machozi yalikuwa karibu, nami nilichukia kulia mbele ya watu.

Aliiinua skuta upande mmoja, akaniita niitazame skii kwa chini. Katikati ya chini ya kila skii, kwa urefu, hupita ufito wa chuma. Ufito huo ndio unaokwaruza barafu na kuing'ang'ania wakati skuta inapogeuka. Zile za mama zilikuwa zimelika hadi zimelingana na skii yenyewe. Nilipitisha kidole, palikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua." Alieleza kwamba kiwanda kilichotengeneza skuta yake hakikutoa tena skii za namna ile, ila mjini kulikuwa na duka lililouza skii za mafundi wengine, za kufunga kwenye skuta yoyote zikikubali. "Twende wote. Wewe ndiye unayeogopa, wewe utajua zipi zinatosha."

Alikuja mjini Jumamosi, amebeba skii moja ya zamani aliyoiviringisha kwenye magazeti, ili tuipime dukani. Alifikia kwetu kwanza. Dada wa Kiganda alimpa chai ya maziwa yenye tangawizi, naye akanywa vikombe viwili, skii imeegemea ukuta inadondosha maji ya kutu kwenye sakafu. Kisha tukapanda treni, mimi nimeshika ncha ya mbele na mama ya nyuma. Watu wa treni ya Stockholm hawakutazami, lakini siku ile walitutazama.

Duka lilikuwa na skii za kila aina zimesimamishwa ukutani. Mama alizipenda pana, zilizovalishwa plastiki nene chini, kwa sababu hazizami kwenye theluji laini. Muuzaji, kijana mwenye subira, alizisifu. Mimi nilizigeuza moja moja nikitazama chini tu. Sikuwa na habari ya theluji laini. Nilitaka kitu chenye meno.

"Hii inashika barafu?" niliuliza.

"Kiasi," alisema.

"Kiasi hainitoshi."

Alitoa jozi nyingine kutoka nyuma. Zilikuwa za chuma, pana kidogo kuliko za mama, na chini zilikuwa na mgongo mrefu uliochomoza, wenye ufito wa chuma kigumu uliochongwa ukawa na makali. Alituonya kwamba usukani utakuwa mzito, kwamba skuta itavuta huku na huku ikipita kwenye alama za wengine, na kwamba kwenye theluji nyingi hazitaelea kama zile pana. Tukaziweka sambamba na skii yetu ya kutu, tukapima nafasi ya matundu. Yalilingana, ila bolti ya katikati ilitaka bushi, ule mrija unaoizunguka, nyembamba zaidi. Mama alinitazama. Nikasema hizi.

Tulizifunga bandani. Tuliiegemeza pua ya skuta juu ya kreti la samaki, mama akafungua nati zilizokwama kwa kutu, mimi nikishika spana ya upande wa pili. Bushi za zamani zilitoka vipande vipande. Tukapaka grisi, tukaingiza mpya, na palipobaki nafasi tukaongeza washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, hadi skii ikaacha kucheza. Niligundua kwamba kazi ya namna ile inanituliza. Kila nati iliyokaza ilikuwa kama kipande kidogo cha hofu kilichopata mahali pa kukaa.

Jaribio la kwanza halikuwa zuri. Skuta ilikwenda kama mlevi, ikirukia kushoto, kisha kulia, na mama akarudi mikono inamtetemeka kwa uchovu. Tukanyoosha usukani, tukapima kwa kamba umbali kati ya ncha za mbele za skii mbili, kisha kati ya ncha za nyuma. Mbele zilikuwa zimekaribiana. Mama alisema kwamba inatakiwa kinyume, mbele pawe na nafasi kubwa zaidi, kidogo tu, kama unene wa kidole. Tukalegeza fito za usukani, tukazungusha, tukapima tena, tukakaza. Safari hii alipogeuza, skuta iligeuka. Skii ziliikata barafu zikaacha mistari miwili myeupe. Nilipanda nyuma yake, tukapita pale kwenye njia ya meli, na tulipinda kushoto tukiwa mbali na maji. Usiku ule nililala vizuri.

Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba mama naye alikuwa ameiona tofauti hiyo. Skuta iliyokataa kugeuka ilikuwa ikimlazimisha kwenda polepole. Iliyogeuka ilimpa mbawa. Kila wiki aliongeza mwendo. Alianza kukata kona karibu na miamba, na nilipopiga kelele masikioni mwake alicheka, nikahisi mgongo wake ukitikisika kifuani pangu. "Skii zako nzuri, syster," alikuwa akisema. Nilijuta kuzichagua.

Mwishoni mwa Februari, baada ya siku mbili za theluji, aliiacha njia ya matawi kabisa. Kati ya visiwa viwili kulikuwa na mlango mwembamba wenye kona nyingi, ambao zamani asingeweza kuupita kwa skii zile mbovu. Ungetupunguzia safari. Sikuulizwa. Niliona tu matawi yakibaki nyuma, nikampiga begani, naye akaongeza moto.

Theluji ya pale ilikuwa imeilemea barafu, na maji yalikuwa yamepanda kupitia nyufa yakajificha chini ya theluji. Juu ilionekana safi. Skuta iliingia, ikapunguza mwendo kama imeshikwa mkia, injini ikalia, nyuma ikazama. Maji ya baridi yakanifika magotini. Nilijua kwamba tumekwisha. Sikuwaza mama yangu wala Mungu, niliwaza tu kwamba viatu vyangu ni vizito.

"Chini ni barafu," alisema mama. "Syster, sikiliza. Chini kuna barafu bado. Shuka."

Sikuweza kuachia koti lake. Alinibandua vidole, kimoja kimoja. Nilishuka, mguu ukagota kwenye kitu kigumu, na kitu hicho kigumu kikatoa sauti ndefu iliyokimbia chini yetu hadi ufukweni. Tukatambaa kwa matumbo, mimi nikisukuma mkoba wa dawa mbele yangu, hadi kwenye miamba. Pale ufukweni mama alivunja matawi ya msonobari kwa mikono. Tukarudi kwa kutambaa, tukayatandika mbele ya mkanda na chini ya skii, tukavuta. Zile skii zetu za chuma zilikuwa zimezama ndani ya tope la theluji, kama muuzaji alivyoonya. Tulivuta hadi tukatapika. Skuta ikatoka.

Hapo ndipo nilipomtazama mama usoni. Midomo ilikuwa ya buluu, na kidevu kinacheza. Alikuwa anajaribu kuvaa glavu na vidole vilivyokufa ganzi havikumtii.

"Toka mbele," nilimwambia. "Kuanzia leo naendesha mimi."

"Hujui kuendesha."

"Nimekuwa nikitazama mikono yako majira yote. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama."

Alinikazia macho, nami nilidhani atabisha. Akahamia nyuma, akanishika kiunoni.

Nilirudi kwenye njia ya matawi kwa kufuata alama zetu wenyewe, kwa mwendo wa mtu anayesukuma kitanda cha mgonjwa. Meno yaligongana. Kila barafu ilipolia nilisimama, nikasikiliza, nikaendelea. Usukani ulikuwa mzito kweli, mikono iliniuma hadi mabegani, lakini skuta ilikwenda pale nilipoielekeza. Tulikaushiwa nguo kwenye nyumba ya kwanza tuliyoifikia.

Nikaendesha hadi barafu ilipoanza kugeuka kijivu mwezi wa tatu. Hofu haikupungua, niseme ukweli. Nilishuka mara kwa mara kupima barafu kwa fimbo ya chuma, mama akipiga miayo huku amekumbatia mfuko wa barua. Siku moja bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mzunguko wetu, alitupokea mlangoni akauliza kwa nini siku hizi tunachelewa.

"Anaendesha syster," alisema mama.

Bibi aliniangalia, akaitazama ile skuta kule chini ufukweni, akasema kwamba basi atakuwa anachelewa kuteleka kahawa.